Ajali Ina Kinga

Yako maneno ambayo watu wameyazoea mno, hata hapana anayekumbuka kuyapima. Mojawapo ni haya: ajali haina kinga. Mtu akivunjika mguu husemwa hivyo. Nyumba ikiungua husemwa hivyo. Mtoto akianguka kisimani husemwa hivyo. Mimi simlaumu mtu anayeyasema maneno haya msibani, kwa kuwa pale kazi yake ni kumfariji aliyepatwa. Lakini maneno ya faraja yakisemwa asubuhi, kabla kazi haijaanza, huwa si faraja tena bali ruhusa ya uzembe. Leo nataka kuyaweka maneno haya juu ya fuawe, tuyagonge nyundo tuone kama ni chuma kweli.

Nimechagua fuawe kwa sababu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari, na tangu Januari 2024 baadhi ya shule zimeanza kuufuata. Maana yake ni kwamba wadogo zetu wengi watashika nyundo na koleo kabla hawajaota ndevu. Tena sisi wenyewe wa Kidato cha Nne hatutaendelea sote na Kidato cha Tano. Wako watakaorudi nyumbani na kuomba nafasi katika banda la mafundi, na hilo si jambo la aibu hata kidogo. Kwa hiyo habari hii yatuhusu sisi, yawahusu walimu wetu, na yawahusu wazazi wanaosoma gazeti letu.

Wala ufundi wa chuma si mgeni katika nchi hii. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, mahali ambapo leo ni Tabora, waliikuta njia ya misafara iliyokwisha kanyagwa na Wanyamwezi kwa miaka mingi, toka Ujiji mpaka Bagamoyo. Pembe za ndovu zilikwenda pwani, nguo na shanga zikaja bara. Lakini katika mizigo ile lilikuwamo pia jembe. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa magharibi na wa kaskazini ya Unyamwezi yaliuzwa sokoni, yakalima mashamba yaliyolisha misafara, na mara nyingi yakatolewa kuwa mahari. Warongo wa upande wa Geita walijulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo, yaliyompita mtu kimo, waliyoyaita malungu. Tena mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la sayansi la Marekani kuwa mababu wa Wahaya walikuwa wakitengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Ndipo yakaja majembe ya viwanda vya ng'ambo, kwa meli na halafu kwa reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, na matanuru yale yakazimika moja baada ya jingine. Kuyeyusha mawe kulikwisha, lakini kufua hakukukoma. Mpaka leo, mtu akitaka mundu, shoka au patasi, hujua aende wapi.

Huko aendako ni banda. Aghalabu si la mtu mmoja. Mafundi watano au sita hukodi kiwanja pamoja, wakasimamisha nguzo na kuezeka mabati machache, wakachimba mioto miwili au mitatu. Kila mmoja ana wateja wake na nyundo yake. Lakini moto, maji, fuawe na nafasi ya kupita ni vya wote. Kijana mmoja huvuta mvukuto, au huzungusha gurudumu la baiskeli lililofungwa feni. Chuma chenyewe hutoka katika magari makuukuu: springi, nondo, mabomba, na vingine visivyojulikana vilikotoka. Banda la namna hii ni shule nzuri ya kazi. Walakini lina hatari yake ya peke yake, nayo siyo ile ambayo watu huiogopa.

Watu huogopa moto. Moto una mwanga, una sauti, una joto linalokusukuma nyuma kabla hujaugusa. Ni mara chache mtu mzima kuingiza mkono motoni. Kinachowaunguza wahunzi ni chuma cheusi. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Chuma hakianzi kuonekana chekundu mpaka kifike kiasi cha nyuzi 500, na hapo ni gizani. Penye mwanga wa jua huhitaji moto zaidi. Basi fikiri: kipande cha chuma chenye joto mara nne ya maji yanayochemka kinaweza kulala chini, cheusi, kimya, kikafanana kabisa na kipande kilichotoka dukani. Aliyekiweka anajua. Mwenzake hajui. Hapo ndipo hatari ya banda la pamoja ilipo: ujuzi umo kichwani mwa mtu mmoja, nao mkono unaoungua ni wa mtu mwingine.

Wakati wa likizo ya Desemba niliyaona haya katika banda moja la wilaya yetu, ambamo mjomba wangu hufanya kazi. Fundi mmoja alifua mundu, akauweka chini karibu na njia ili upoe, kisha akaenda kunywa uji. Kijana mwanagenzi, aliyemaliza Darasa la Saba, akatumwa na fundi mwingine kusafisha sakafu. Akauokota ule mundu kwa mkono wa kulia, akaukamata vizuri kama mtu mwenye bidii anavyokamata. Sitaeleza zaidi. Mkono umepona sasa, lakini vidole viwili vimepinda wala havifungi tena juu ya mpini. Yeye alitaka kuwa mhunzi. Wazee waliokuwapo walisikitika kweli kweli, wakamwambia mama yake: ajali haina kinga.

Mimi nilikaa nikazihesabu kinga. Kama pangalikuwa na sanduku moja la mchanga pembeni, likawa ndilo mahali pa kuwekea chuma cha moto na hapana pengine, mundu ule usingalikuwa njiani. Hiyo ni moja. Kama yule fundi angalichukua chaki akaandika MOTO kando ya kazi yake kabla ya kuondoka, kijana angalisoma, maana kusoma anajua. Hiyo ni ya pili. Kama angaliita kwa sauti, "Moto hapa!", wenzake wangalisikia. Hiyo ni ya tatu. Kama kijana angalifundishwa siku ya kwanza kwamba katika banda la chuma hakuna kuokota kitu kwa kiganja, bali kwanza husogezwa mgongo wa mkono karibu bila kugusa, au hudondoshwa matone ya maji, joto lingalimwambia. Hiyo ni ya nne. Na kama koleo lingalikuwa limetundikwa mahali pake, angalilitumia. Hiyo ni ya tano. Kinga tano, wasomaji! Katika hizo, nne hazigharimu hata senti moja, ila kipande cha chaki. Nayo ile ya sanduku yataka mbao mbovu na ndoo mbili za mchanga. Basi ajali ile ilikuwa na kinga, ila haikuwa na mtu wa kuiweka.

Zipo hatari nyingine ambazo yafaa zitajwe wazi. Patasi inayogongwa siku nyingi, kichwa chake hupasuka na kutanda kama uyoga. Siku moja kipande huruka kwa kasi ya jiwe la manati, na jicho haliwahi kufumba. Dawa yake ni kukisaga kichwa hicho kwa tupa kila kinapoanza kutanda. Nyundo iliyolegea mpini ni adui wa mtu aliye mbele yako kuliko wewe unayeishika. Chuma kinapokatwa kikiwa cha moto, kipande cha mwisho huruka; basi asisimame mtu upande kinakoelekea. Nguo za naileni na polista huyeyuka zikagandamana na ngozi. Nguo ya pamba au aproni ya ngozi haifanyi hivyo. Kandambili ni viatu vya kuendea bafuni, si vya kusimamia mbele ya moto, maana cheche ikiingia kati ya kidole na kidole huwezi kuitoa upesi.

Hatari nyingine haionekani wala haina kishindo. Mabati na mabomba ya maji hupakwa zinki ili yasishike kutu. Yakitiwa motoni, zinki hutoa moshi mweupe. Fundi aliyeuvuta moshi ule huenda nyumbani mzima, kisha usiku hushikwa na homa, baridi, kiu na maumivu ya viungo. Katika nchi yetu mtu akitetemeka hivyo, kila mmoja hufikiri ni malaria. Huenda akanywa dawa ya malaria, kesho kutwa akapata nafuu kwa kuwa homa ya moshi ule huondoka yenyewe, akaisifu dawa, na wiki inayofuata akarudia moshi ule ule. Zamani sana, mwaka 1700, daktari mmoja wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanya kazi, akawataka madaktari wenzake wasisahau kumwuliza mgonjwa swali hili: kazi yako ni ipi? Nasi yafaa tuliseme wenyewe tufikapo zahanati, hata kabla hatujaulizwa. Na kipimo cha malaria kipimwe kwanza.

Hali kadhalika makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wakati wa masika mafundi hupenda kuziba banda kwa maturubai ili mvua isiingie. Wazibe upande mmoja, waache pande nyingine wazi. Na shokapu ya gari, au bomba lililozibwa ncha zote mbili, lisitiwe motoni kamwe kabla ya kutobolewa na kufunguliwa. Kwa maana kilichomo ndani hutanuka, kikikosa njia ya kutokea hupasua chombo kama bomu.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema, "Babu zetu walifua bila miwani, na walikufa wazee." Neno hili lasikika kuwa zito, lakini lina tundu. Sisi tunamwona mzee aliyebaki kazini na macho yake mawili. Hatumwoni yule aliyeiacha kazi akiwa kijana kwa sababu jicho lilikwisha toka. Wahunzi waliobaki ndio wanaohesabiwa. Tena babu zetu hawakufua mabomba yenye zinki, wala hawakuwa na shokapu. Chuma chao walikiyeyusha wenyewe na walijua kilikotoka. Sisi twafua chuma ambacho hatujui kilipakwa nini. Na zaidi ya hayo, wao hawakuwa bila kinga. Kazi yao, hasa ile ya kuyeyusha, ilizungukwa na miiko mingi: nani akaribie, nani asikaribie, na kwa siku zipi. Sisemi turudishe miiko yote, kwa kuwa mingine iliwaonea wanawake bure. Nasema tu kwamba mwiko unaomkataza mpita njia kuingia penye moto hufanya kazi ile ile ambayo leo tungeifanya kwa kamba na kibao.

Wa pili atasema, "Sisi ni maskini, miwani na viatu vya ngozi twavipata wapi?" Huyu nampa haki yake, maana umaskini si mchezo. Lakini na atazame zile kinga tano nilizozihesabu, aone ni ngapi zinazotaka fedha. Kuhusu miwani ya kukinga macho, bei yake dukani ni ndogo kuliko nauli ya kumpeleka majeruhi na msindikizaji wake mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza. Mafundi sita wakichanga, miwani miwili ya banda hupatikana mapema. Na miwani miwili ikizungushwa kwa wale walio penye fuawe ni bora kuliko kukosa kabisa.

Wa tatu hasemi, bali hucheka. Yeye hudhani kuvaa miwani ni uoga, na kwamba fundi hodari hujulikana kwa makovu. Huyu namjibu kwa neno moja tu: kovu ni cheti cha kosa, si cha ufundi. Anayetaka kujua ufundi wa mtu na atazame jembe alilofua.

Sasa nafika penye kiini cha maoni yangu. Nchi yetu inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo inamtwisha mwajiri mzigo wa kuwalinda watu wake. Katika kiwanda kikubwa jambo hili laeleweka, maana mwajiri yupo na ofisi yake yajulikana. Lakini katika banda la mafundi sita, mwajiri ni nani? Kila mmoja ni bwana wa kazi yake, na hakuna aliye bwana wa njia inayopita katikati. Mundu ule uliomwunguza kijana haukuwa katika eneo la mtu. Kitu cha wote, kisipowekewa mlinzi, huwa si cha mtu; na palipo si pa mtu ndipo ajali hulala.

Dawa ya jambo hili sisi wa bweni twaijua kuliko watu wengi. Katika bweni twalala wengi chini ya paa moja, kila mtu na sanduku lake, lakini taa, maji, mlango na usafi ni vya wote. Hatukuwaachia vitu hivyo wema wa kila mtu; tuliweka zamu. Leo ni yangu, kesho ni yako. Mwenye zamu si mkubwa wa wenzake, ila siku hiyo ana haki ya kusema na wengine hawana budi kusikia. Basi na liwe hivyo katika banda. Kila siku fundi mmoja awe na zamu. Asubuhi atazame mipini ya nyundo, vichwa vya patasi, pipa la maji na ndoo ya mchanga. Mchana ahakikishe njia ni nyeupe na chuma cha moto kimo katika sanduku lake. Jioni awe wa mwisho kuondoka, amwagie maji makaa mpaka yazimike kabisa, kwa kuwa katika kiangazi chetu upepo wa usiku ukichukua kaa moja hadi kwenye nyasi, hautauliza banda ni la nani. Na mwanagenzi yeyote asishike nyundo kabla mwenye zamu hajamwonyesha mambo hayo yote.

Mwenye zamu ajue pia la kufanya ajali ikitokea, maana sisemi kwamba kinga huzuia yote. Aliyeungua atiwe mara moja kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20, na pete au saa ivuliwe kabla mkono haujavimba. Asipakwe dawa ya meno, wala mafuta, wala unga, wala majivu. Na asali yetu ya Tabora, ijapokuwa twaisifu kila mahali, isitangulie mbele ya maji. Malengelenge yasipasuliwe. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe kwa mganga wa hospitali. Aliyeingiwa na chuma jichoni asilisugue, wala rafiki asijaribu kukitoa kwa ncha ya khanga. Jicho lifunikwe bila kulibonyeza, na safari ya kwenda hospitali ianze saa ile ile.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa walimu wetu: siku karakana ya amali itakapofunguliwa katika shule yetu, somo la kwanza lisiwe kufua, liwe zamu, chaki na sanduku la mchanga, na mwanafunzi asiyejua hayo asisogee kwenye moto hata kama ana akili nyingi za hesabu. Kwa wazazi: mnapompeleka kijana kwa fundi, msiulize tu atajua kazi kwa miezi mingapi, ulizeni pia chuma cha moto huwekwa wapi. Fundi mwema hatachukia swali hilo. Kwa wenzangu: tutakaporudi nyumbani tusione haya kuwaambia wakubwa zetu, kwa adabu na kwa wakati wake, yale tuliyoyasoma. Neno la kijana likisemwa kwa heshima, mzee hulisikia hata kama hakubali siku hiyo.

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga waliyoitaja wao ni kijinga cha moto, na maana yao ni kwamba kimoja peke yake huzimika. Nami naona neno lile lile laweza kugeuzwa upande wa pili, nalo likabaki kweli: kinga ya mtu mmoja peke yake haitoshi, lakini kinga yangu ikikutana na kinga yako, ndipo moto unapotutumikia badala ya kututafuna. Tahadhari kabla ya hatari. Shime, wenzangu, tuandike kwa chaki!

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne